Herufi Tano kutoka Ubongo wa Nguruwe: Uchambuzi wa Kisa cha Aberdeen, 1973–1975

Kipande cha utumbo wa simbilisi, sentimita chache tu, kimening'inizwa ndani ya bomba la kioo lenye maji ya chumvi yaliyopashwa hadi joto la mwili. Oksijeni inapulizwa kutoka chini. Uzi mmoja umekishikilia kipande hicho chini, na wa pili umekiunga na kifaa chenye kalamu. Kila baada ya sekunde chache umeme kidogo unapita, utumbo unajikaza, na kalamu inaruka. Ukidondosha mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, mistari ya kalamu inafupika mpaka karibu ilale. Ukidondosha naloksoni, dawa inayoipinga mofini, mistari inasimama tena.

Sioni njia ya kukieleza kisa cha Aberdeen, yaani namna mofini ya mwili wenyewe ilivyopatikana, bila kuanzia kwenye bomba hilo la kioo. Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kwa kuanzia Marekani: wanasayansi waligundua kufuli ndani ya ubongo, yaani kipokezi ambacho mofini hukishika, kisha wengine wakaenda kuutafuta ufunguo. Masimulizi hayo si ya uongo, ila yanalificha jambo lenye uzito zaidi. Waliofika wa kwanza kwenye ufunguo hawakuwa waliolijua kufuli vizuri kuliko wote, bali watu wawili waliokuwa na kipande cha msuli na mazoea ya miaka mingi ya kukisikiliza.

Mmoja wao ni Hans Kosterlitz. Alizaliwa Berlin mwaka 1903, akasomea udaktari, na mwaka 1934 akaikimbia Ujerumani ya Wanazi. Akapokelewa Aberdeen, mji wa bandari kaskazini-mashariki mwa Uskoti, katika idara iliyoongozwa na J.J.R. Macleod, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya insulini. Kwa miaka mingi alishughulikia sukari na namna ini linavyozitumia. Alipohamia kwenye utumbo na mofini alikuwa mtu mzima tayari. Mwaka 1957 William Paton wa London alikuwa ameonyesha kwamba mofini huuzuia utumbo wa simbilisi uliochochewa kwa umeme kutoa asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuuamrisha msuli. Kosterlitz akaona mbali zaidi ya hapo. Kama mofini inaikaba neva ya utumbo kwa njia ileile inayoyatuliza maumivu kichwani, basi kipande hiki cha nyama kinaweza kuwa dirisha la kuuchungulia ubongo. Yeye na wenzake walipozipima dawa za jamii ya mofini moja baada ya nyingine, nguvu ya kila dawa katika utumbo ililingana vizuri mno na nguvu yake ya kutuliza maumivu kwa binadamu. Utumbo ulikuwa hausemi uongo.

Mwaka 1973 alifikisha umri wa kustaafu. Wengi katika umri huo huachiwa ofisi ndogo na cheo cha heshima. Yeye alifungua kitengo kipya cha utafiti wa dawa zinazoleta uraibu palepale Aberdeen, akiwa na miaka 70, na msaidizi wake akawa John Hughes, mfamakolojia aliyekuwa na miaka 31 hivi.

Hali ya elimu mwaka ule ilikuwa hivi. Mofini ilikuwa imetenganishwa kutoka kwenye utomvu wa mpopi tangu mwanzoni mwa karne ya 19 na Friedrich Sertürner, msaidizi wa duka la dawa huko Paderborn, lakini hakuna aliyejua inakamata nini mwilini. Dalili za kuwepo kwa kipokezi maalumu zilikuwa nyingi. Dawa hizi hufanya kazi kwa kiasi kidogo mno. Molekuli ya mkono wa kushoto inatuliza maumivu, ilhali pacha wake wa mkono wa kulia, ambaye ni sura yake katika kioo, hafanyi chochote. Na mabadiliko madogo ya umbo yanaigeuza dawa kuwa mpinzani wa jamaa zake. Vitu vya namna hii havitokei bila mahali mahususi pa kukamata.

Mwaka 1971 Avram Goldstein wa Stanford alionyesha mbinu ya kukipata kipokezi hicho: chukua dawa yenye alama ya mnururisho, ichanganye na ubongo uliosagwa, kisha linganisha kinachoshikwa mbele ya pacha wa kushoto na mbele ya pacha wa kulia. Hesabu yake ilikuwa sahihi, ila dawa yake ilikuwa na mnururisho hafifu. Ni takriban asilimia 2 tu ya kilichonaswa kilichoonekana kuwa mnaso wa kweli. Miaka miwili baadaye makundi matatu yalipata jibu karibu kwa wakati mmoja: Candace Pert na Solomon Snyder wa Johns Hopkins, Eric Simon na wenzake New York, na Lars Terenius wa Uppsala, Sweden. Wote walitumia dawa zenye mnururisho mkali zaidi. Simon alichagua etofini, dawa kali mno ambayo madaktari wa wanyamapori huitumia kumlaza tembo au kifaru. Pert na Snyder walichagua naloksoni, wakawa wanauosha upesi ubongo uliosagwa kwenye vichujio, kabla dawa iliyoshikwa kwa haki haijaachia.

Baada ya hapo likaja swali ambalo lilimkereketa kila mtu. Snyder, Pert na mwenzao walivipata vipokezi hivi kwa wanyama wote wenye uti wa mgongo waliowapima, hata samaki wa kale wasio na taya. Samaki wa namna hiyo hajawahi kuliona ua la mpopi, na mababu zake waliishi mamilioni ya miaka kabla mpopi haujakuwepo. Basi kipokezi hicho kinamsubiri nani?

Kiswahili kina neno zuri hapa, kasumba: ni afyuni, na pia ni fikra iliyopandikizwa kichwani kutoka nje. Wanasayansi wa mwaka 1973 nao walikuwa na kasumba yao. Walimwona mpopi kama mwenye nyumba, kumbe alikuwa mgeni aliyeokota ufunguo bandia.

Aberdeen hawakuhitaji kulisubiri kufuli ili waanze. Fikra kwamba mwili una mofini yake ilikuwa ikizungumzwa pale tayari, na dalili moja iliyowatia moyo haikutoka kwenye vipokezi hata kidogo. Mwaka 1969 David Reynolds alikuwa ameonyesha kwamba ukiichochea kwa umeme sehemu fulani ya katikati ya ubongo wa panya, unaweza kumpasua tumbo bila dawa ya ganzi. Maabara ya John Liebeskind huko Los Angeles, alimokuwemo Huda Akil, iliendeleza jambo hilo na kuona kwamba naloksoni huupunguza utulivu huo. Naloksoni hufanya kazi moja tu: kumfukuza aliyekalia kipokezi. Ikiwa inabadilisha kitu kwa mnyama asiyepewa dawa yoyote, basi kuna aliyekuwa amekaa pale.

Hughes alianza na ubongo wa nguruwe. Masimulizi yanayorudiwa sana yanasema alikuwa akienda machinjioni alfajiri kwa baiskeli, na kwamba wachinjaji walilainishwa kwa chupa za wiski. Wengine huyasimulia haya kama kichekesho. Mimi naona yanaeleza sehemu ngumu ya kazi, maana kitu alichokitafuta kilikuwa kikifa haraka. Ubongo umejaa vimeng'enya vinavyokata peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino, na mnyama akishachinjwa vimeng'enya hivyo havina adabu ya kungoja. Ndiyo sababu ya alfajiri, ya barafu kavu, na ya kusaga ubongo ndani ya asidi ili kuvinyamazisha. Anayechelewa saa kadhaa hapati kitu, na atasema kwa uaminifu kabisa kwamba kitu hicho hakipo.

Kisha kulikuwa na tatizo la pili, ambalo ndilo kiini cha kisa hiki. Dondoo la ubongo ni mchuzi wa kila kitu. Ukiudondosha kwenye utumbo, msuli unalegea kwa sababu nyingi: adenosini inaweza kuulegeza, noradrenalini pia, na vinginevyo. Kulegea kwa msuli peke yake si ushahidi wa lolote. Hughes alihitaji hakimu wawili. Wa kwanza ni naloksoni: kinacholegeza msuli kwa njia ya mofini lazima kinyang'anywe nguvu na naloksoni, na kinachofanya hivyo kwa njia nyingine kitabaki. Hakimu wa pili alikuwa msuli tofauti kabisa. Mwaka 1972 Graeme Henderson, Hughes na Kosterlitz walikuwa wameeleza kwamba mrija wa manii wa kipanya nao huitikia mofini, ingawa neva zake hutumia noradrenalini, si asetilikolini kama za utumbo. Misuli hiyo miwili haina cha kufanana zaidi ya hicho kimoja. Kitu kinachoilegeza yote miwili, na ambacho naloksoni inakiondoa katika yote miwili, ni vigumu kukipa jina jingine.

Linganisha na waliokuwa na mbinu ya mnaso. Snyder na wenzake walikuwa na silaha nzuri na watu wengi, na kufikia mwaka 1975 Gavril Pasternak na wenzake katika maabara hiyo walichapisha nao habari za kitu kinachofanana na mofini ndani ya ubongo. Terenius na Agneta Wahlström huko Uppsala walikipata kwenye maji ya uti wa mgongo. Hawakuwa mbali. Lakini mbinu ya mnaso inajibu swali moja: je, kuna kitu kinachoizuia dawa yenye alama isishike? Chumvi ya kawaida inaweza kufanya hivyo. Pert na Snyder wenyewe walikuwa wameonyesha kwamba sodiamu hubadilisha sana mnaso wa dawa za jamii ya mofini. Dondoo la ubongo, lililopita kwenye asidi na chumvi, linaweza kukupa jibu la ndiyo bila kuwa na chochote ndani yake. Msuli hauthibitishi kwamba kitu kimeshika tu. Unaonyesha kwamba kimefanya kazi. Na kwa mtu anayesafisha dondoo hatua kwa hatua, mwenye mafungu kadhaa ya kupima kila siku na kuamua lipi la kutupa, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utafika au utazunguka.

Mwezi Mei 1974 watafiti wa uwanja huu walikutana Boston katika kikao kidogo cha watu wa sayansi ya neva. Hughes alieleza alichokiona: kitu kidogo, chenye tabia ya peptidi, kinachofanya kazi kama mofini na kupingwa na naloksoni. Ushahidi wa peptidi ulikuwa wazi, kwani vimeng'enya vinavyotafuna peptidi kuanzia ncha vilikimaliza nguvu. Terenius naye alikuwepo na ya kwake. Tangu siku hiyo mbio zikawa mbio kweli.

Je, Hughes alikosea kusema mapema? Nimeliwaza sana swali hili, na nadhani hapana, ingawa hasara ilikuwa dhahiri. Aberdeen ilikuwa maabara ndogo isiyo na mashine kubwa. Kwa kusema, walijipatia wapinzani wenye fedha kuliko wao, lakini pia walijipatia sifa iliyowafungulia milango ya watu waliowahitaji. Kitengo cha watu wachache kisingeweza kusoma mpangilio wa asidi amino peke yake kwa vipimo vya sehemu ndogo mno za gramu. Linda Fothergill, mtaalamu wa protini palepale chuoni, alishika kazi ya kuukata mnyororo asidi moja moja kutoka mwanzo. Barry Morgan wa kampuni ya Reckitt & Colman huko Hull, kampuni iliyokuwa na historia ndefu ya dawa za jamii ya mofini, aliahidi kuzitengeneza peptidi kwa mkono mara tu herufi zake, yaani asidi amino hizo, zitakapojulikana. Ndani ya kitengo, Terry Smith alikuwa bega kwa bega na Hughes katika kusafisha.

Herufi nne za kwanza zilitoka bila ugomvi mkubwa: tirosini, glisini, glisini, fenilalanini. Ya tano ndiyo iliyoleta balaa. Methionini ilionekana, ila hesabu haikukaa sawa, kwa sababu leusini nayo ilikuwa ikichungulia. Katika kazi ya namna hii kila sampuli ina uchafu, na jambo rahisi kuliko yote ni kuiita leusini uchafu na kuendelea. Wangefanya hivyo wangechapisha mapema zaidi, na wangekuwa na nusu ya ukweli.

Waliamua kumpelekea Howard Morris, bingwa wa spektromita ya masi. Mashine hii haiulizi kitu kinaanza na herufi gani. Inakipima uzito na kuvipima vipande vyake. Jibu lilikuwa kwamba walichokiona kama kitu kimoja kilikuwa peptidi mbili mapacha, zinazotofautiana kwenye herufi ya tano tu. Moja inaishia na methionini, uzito wake karibu dalton 574 (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli), nyingine na leusini, dalton 556 hivi. Katika ubongo wa nguruwe ile ya methionini ilikuwa mara tatu hadi nne zaidi. Mapacha hao walikuwa wamesafiri pamoja katika kila hatua ya usafishaji, wakimchanganya kila aliyewahesabu. Kosterlitz na Hughes wakaziita enkefalini, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya "ndani ya kichwa".

Hapa kisa kinapata ajali njema. Morris, akiwa na herufi hizo kichwani na hajazitangaza kwa mtu, alihudhuria mhadhara wa Derek Smyth pale Imperial College, London. Smyth alikuwa akizungumzia homoni nyingine kabisa ya tezi pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo: beta-lipotropini, mnyororo wa asidi amino 91 ambao Choh Hao Li wa California alikuwa ameutenganisha muongo mmoja kabla bila mtu kuielewa vizuri kazi yake. Picha ya mnyororo ikawekwa ukutani. Kuanzia nafasi ya 61 hadi ya 65 Morris akasoma tirosini, glisini, glisini, fenilalanini, methionini. Kwa neno moja enkefalini nzima, ikiwa imelala ndani ya homoni ambayo watu walikuwa nayo kabatini miaka kumi.

Makala yao ilitoka katika jarida la Nature tarehe 18 Desemba 1975, kurasa tatu, pamoja na habari hiyo ya beta-lipotropini. Peptidi alizozitengeneza Morgan kwa mkono zilifanya kazi sawasawa na zile za ubongo. Kilichofuata kilikuwa kama mchanga kuporomoka. Mwaka 1976 Smyth na wenzake walionyesha kwamba kipande cha mwisho cha beta-lipotropini, kuanzia nafasi ya 61 hadi 91, hushika vipokezi vya mofini kwa nguvu kubwa. Li alikuwa na kipande hichohicho tayari. Alikuwa amekitoa kwenye tezi za ngamia, alikotarajia kuikuta beta-lipotropini akakikuta kipande tu. Akakiita beta-endofini, akitumia jina ambalo Simon alikuwa amelipendekeza kwa jamii nzima: mofini ya ndani. Mwaka 1979 Goldstein, yule aliyeanzisha mbinu ya mnaso kwa dawa hafifu, naye akapata mnyama wake: dinofini, kutoka tezi pituitari ya nguruwe, inayoanza na herufi tano zilezile za enkefalini ya leusini na kuendelea mbele. Nguvu yake ilimshangaza kiasi kwamba jina aliliunda kutoka neno la Kigiriki la nguvu.

Jambo moja lililoonekana dhahiri mwaka 1975 liligeuka kuwa si kweli. Kwa kuwa enkefalini ya methionini ilikutwa ndani ya beta-lipotropini, wengi walidhani ndiko inakokatwa. Mwaka 1982 maabara kadhaa, ikiwemo ya Shosaku Numa huko Kyoto, zilisoma jeni husika, na ikaonekana enkefalini zina mama yao mwenyewe: protini ndefu iliyobeba nakala kadhaa za enkefalini ya methionini na moja ya leusini, zikipangwa kama punje katika ganda. Beta-endofini hutoka kwa mama mwingine, na dinofini kwa wa tatu. Picha ya ukutani ya Smyth ilionyesha undugu. Morris na wenzake waliusoma kama uzazi, na sidhani kuna wa kuwalaumu.

Kitu ambacho masimulizi mengi hukipita haraka ni kile kilichofanywa na misuli miwili baada ya ushindi. Hughes alikuwa ameichagua kwa sababu ilikubaliana. Enkefalini zilipokuwepo kwa wingi, ikaacha kukubaliana. Kwenye utumbo wa simbilisi enkefalini ya methionini ilikuwa na nguvu sawa na nomofini, dawa waliyoitumia kama mizani. Kwenye mrija wa kipanya ilikuwa na nguvu zaidi ya mara kumi kuliko nomofini hiyohiyo, na naloksoni ilihitajika kwa kiasi kikubwa zaidi kuipinga. Mtafiti mvivu angesema msuli mmoja umeharibika. Mwaka 1977 John Lord, Angela Waterfield, Hughes na Kosterlitz walisema vingine: utumbo na mrija una vipokezi vya aina tofauti. William Martin, aliyekuwa akichunguza mbwa huko Kentucky, alikuwa amependekeza mwaka uliotangulia kwamba kipokezi si kimoja, akivipa vipokezi herufi za Kigiriki, miongoni mwao myu kwa ajili ya mofini na kapa. Watu wa Aberdeen wakaongeza delta, kutokana na jina la Kilatini la mrija ule wa kipanya, vas deferens.

Hilo lilitoka kwenye mikunjo ya kalamu. Mwaka 1992 makundi mawili, la Brigitte Kieffer huko Strasbourg na la Christopher Evans huko Los Angeles, yaliitenganisha jeni ya kipokezi cha delta. Jeni za myu na kapa zilifuata mwaka 1993. Mwaka 1996 Kieffer na wenzake walitengeneza vipanya wasio na kipokezi cha myu, na mofini ikawa haiwafanyi chochote cha maana: haikuwatuliza maumivu, haikuwavutia, haikuwaachia uraibu. Maumbo ya vipokezi hivyo, kwa undani wa atomi, yalichapishwa mwaka 2012. Kote huko kipokezi cha delta kilikutwa palepale ambapo msuli wa kipanya ulisema kipo.

Chanda chema huvikwa pete, ila mkono una vidole vitano. Mwaka 1978 Tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya Marekani ya utafiti wa tiba, ilikwenda kwa Hughes, Kosterlitz na Snyder. Candace Pert, ambaye mikono yake ndiyo iliyofanya majaribio ya kipokezi mwaka 1973 akiwa mwanafunzi wa uzamivu, hakuwemo, na aliandika barua ya kupinga. Ugomvi ukawa mkubwa na ukajulikana. Ninachokiona katika kisa hiki ni kwamba malalamiko ya Pert yalisikika kwa kuwa alisema, na yalikuwa ya haki. Lakini Simon na Terenius nao hawakuwemo, Goldstein hakuwemo, wala Terry Smith, wala Fothergill, wala Morris. Ugunduzi wenye mikono kumi ukipewa pete tatu, kuna atakayeumia, na kwa kawaida ni yule aliye chini kwa cheo. Nobel haikuja kamwe.

Na dawa je? Tumaini lililowasukuma wengi, na lililovuta fedha, lilikuwa hili: kitu cha mwili wenyewe kitatuliza maumivu bila kuleta uraibu. Kwa nini mwili uwe mraibu wa kitu chake? Jibu lilikuja mapema na halikufurahisha. Enkefalini ikidungwa moja kwa moja kwenye ubongo ilileta utulivu dhaifu wa dakika chache, kwani vimeng'enya viliitafuna. Wanakemia wakaigeuza kidogo, kwa mfano kwa kuiweka alanini ya mkono wa kulia mahali pa glisini ya kwanza, ili isitafunike. Ilidumu na ikatuliza maumivu. Ikaleta pia usugu na utegemezi, kama mofini. Mwaka 1976 tayari Eddie Wei na Horace Loh walikuwa wameonyesha utegemezi kwa panya waliopewa peptidi hizi mfululizo.

Nadhani kosa lilikuwa la fikra kuliko la kemia. Watu waliutazama ufunguo wakasahau namna unavyotumika. Neva inayotoa enkefalini huitoa mahali padogo, kwa muda mfupi, na vimeng'enya huifuta papo hapo. Sindano huujaza ubongo wote kwa masaa. Baadaye ikaonekana kwamba hata ndani ya seli mambo hayafanani. Enkefalini inapokishika kipokezi cha myu, seli hukivuta ndani haraka, ilhali mofini hukiacha kikiwa juu kwa muda mrefu. Na mwaka 2018 Miriam Stoeber, Mark von Zastrow na wenzao walionyesha kwamba mofini, kwa kuwa hupenya utando wa seli, huvifikia vipokezi vilivyo ndani kabisa, mahali ambapo peptidi haiwezi kuingia. Kufuli ni lilelile, lakini mgeni anazunguka hadi vyumba vya ndani.

Njia iliyozaa dawa ilikuwa ya kuuacha ufunguo na kumshika anayeuvunja. Mwaka 1978 huko Paris, Bernard Malfroy, Bernard Roques, Jean-Charles Schwartz na wenzao walieleza kimeng'enya kinachoikata enkefalini, na miaka miwili baadaye wakawa na molekuli ya kukizuia. Kutokana nayo ilitengenezwa rasekadotrili, inayoziacha enkefalini za mwili zidumu zaidi pale zinapotolewa. Haitibu maumivu. Hutumika kwa kuhara kwa ghafla, hata kwa watoto: hupunguza maji yanayomwagika ndani ya utumbo bila kuufunga, na kazi yake yote huifanya hapohapo kwenye utumbo.